Kabichi za Kula na Kabichi za Kuuza

Jumanne, 2 Machi 1999

Baba Fabian amepiga dawa leo, shamba la chini lote. Viwavi walishaanza kutoboa. Usiku mmoja tu na jani limekuwa chekecheke! Dawa ni ileile ya kahawa, iliyobaki stoo tangu tulipong'oa mibuni. Mwenye duka la pembejeo alishamwonya: hiyo ni ya kahawa, kabichi usiiguse, na ukiigusa basi ukae wiki tatu hujavuna. Baba Fabian anasema kiwavi hajui kusoma karatasi ya kopo.

Zetu za nyuma ya jiko haziguswi. Hizo nazinyunyizia mwenyewe majivu na maji ya pilipili. Ishirini na mbili tu. Za kula ni za kula, za kuuza ni za kuuza. Hata jirani ana vitalu viwili, na hatuulizani.

Jioni nikakaanga moja kwenye kikaango cha chuma, kile nilichopewa na masista nilipomaliza maarifa ya nyumbani. Fabian akalamba sahani. Mama mkwe akaomba tena, na huyo si mtu wa kuomba tena. Nililala vizuri.

Ijumaa, 5 Machi

Shida, yule mnunuzi wetu wa mjini, amekuja na pikapu asubuhi, hata kabla sijakamua. Anasema Kwaresima hii mji mzima unataka mboga, anataka kabichi leo, si wiki ijayo. Nikamtazama Baba Fabian. Baba Fabian akatazama mlima.

Shida si mtu mbaya. Aliuliza: "Mmepiga dawa lini?"

"Zamani hiyo," Baba Fabian akasema.

Siku tatu! Mimi nilikuwa nimeshika mdomo wa gunia ili wao wapange. Nilishika tu gunia.

Walipoondoka nikanawa mikono kwa sabuni, kisha nikanawa tena. Nikajiambia watu wa mjini wanamenya majani ya juu. Wanaosha. Wanapika mpaka inalegea, wale hawajui kupika kabichi. Safari hii nimeshukuru hawajui.

Jumapili, 7 Machi

Mbuzi wa mama mkwe amekufa.

Tulitoka misa ya pili tukamkuta amelala ubavu, mate yanamtoka kama povu la sabuni, miguu inatetemeka. Macho yanamwagika maji. Hakumaliza hata nusu saa. Mama mkwe akapiga kelele mpaka majirani wakaja. Kumbe jana aliokota yale majani ya juu, yale vijana wa Shida waliyoyabandua wakayaacha pale shambani. Alimbebea mbuzi wake mzigo mzima. Alidhani anamfanyia wema.

Anasema ni jicho la watu. Anamtaja jirani wa juu, kwamba alimsifia yule mbuzi wiki jana, na mtu hasifii mbuzi hivihivi. Nikamwacha amtaje. Jirani wa watu!

Baba Fabian alichimba shimo mwenyewe, refu, na hakutaka mtu ale nyama. Hapo ndipo nilipoona naye anaogopa. Nilimuuliza jikoni, taratibu, mama asisikie: na watu je? Akasema mbuzi alikula majani ya juu, gunia zima, mabichi. Mtu hali gunia. Akasema tena kila mtu anapiga dawa, kwani sisi ndio wa kwanza? Halafu akasema nisiseme neno hilo tena hapa nyumbani.

Leo sikukaanga kitu. Tulikula ndizi kavu na chai. Fabian akauliza kabichi iko wapi. Nimemkaripia bure mtoto wangu.

Jumatatu, 8 Machi

Hakuna habari yoyote kutoka mjini. Kila anayepanda kutoka Moshi namsalimia kwa sauti nione atasema nini. Hakuna aliyesema kitu. Najisikia vibaya kama mtu anayesubiri barua ya msiba.

Jumanne, 9 Machi

Ruwa wangu, Mungu wangu.

Shida amerudi kutafuta zingine. Anacheka, biashara imekwenda vizuri, zimeisha siku hiyohiyo. Halafu anasema, na yeye anaona ananipa habari njema: "Mdogo wako amechukua tatu, Mama Fabian! Nimemchagulia kubwa kubwa. Nilipomwambia ni za kwenu alifurahi huyo! Anasema siku hizi tumbo lake halipokei kitu kingine."

Evelyn. Miezi mitano. Mimba mbili zimetoka, na hii ndiyo ya kwanza kuvuka mwezi wa tatu. Mumewe yuko safari Dodoma na lori, hayupo hata wa kumchungulia.

Nilimwambia Shida kabichi zimeisha. Zilikuwa zinaonekana pale nyuma yangu, mistari na mistari. Akanishangaa. Baba Fabian akaingia ndani kutafuta kofia ambayo alikuwa ameivaa.

Kesho nashuka. Nimekata nne za nyuma ya jiko. Daftari nalibeba, mama mkwe asije akalisoma.

Jumatano, 10 Machi. Pasua, Moshi mjini, kwa Evelyn

Nimeshuka na gari la maziwa. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Evelyn, zile kabichi zina dawa. Rahisi tu. Maneno manne, matano.

Akanifungulia mlango anacheka. Amenenepa uso, tumbo limechomoza vizuri. Akanikumbatia, akaona kikapu: "Dada, umeniletea zingine! Nimebakiwa na mbili." Maneno yote niliyopanga yakanipotea.

Moja alishaila. Na hakuipika! Alikuwa anaikatakata mbichi, chumvi na ndimu, anatafuna siku nzima. Ana kikopo cha kutemea mate pembeni ya kiti. Nikamuuliza mate hayo ni tangu lini. Akasema tangu mimba ya miezi miwili, hata mama yetu alikuwa hivyo alipombeba yeye. Nikapumua. Halafu akaongeza: ila tangu Jumamosi yamezidi, na tumbo lilimkata usiku mmoja. Nikatazama macho yake. Sijui hata nilikuwa natafuta nini kwenye macho yale. Yalikuwa macho ya Evelyn tu.

Akasema, "Nipikie ile ya kwako, dada. Mimi nikikaanga inatoa maji inakuwa uji."

Nikamkalisha. Nikaikata nyembamba, ile ya nyuma ya jiko, nikaipitia jani kwa jani ingawa najua haina kitu. Mafuta kidogo mpaka yapate moto kweli. Hapo ndipo yeye anapokosea, ana haraka. Kitunguu, kisha karoti. Kabichi inaingia kidogokidogo, si yote kwa mpigo. Chumvi mwisho, ukiiweka mapema ndiyo inatoa maji. Unaigeuza, unaiacha ishike chini mpaka pembe ziwe za kahawia, unaigeuza tena. Kijiko cha samli nilichokuja nacho. Harufu ikajaa chumba. Evelyn akafumba macho akasema anasikia harufu ya nyumbani. Mikono yangu ilikuwa imetulia wakati wa kupika. Ni wakati huo tu.

Alikula sahani mbili na ugali wa jana. Akalala palepale kwenye kiti.

Nikachukua zile mbili za kuuza nikazifunga kwenye kitenge, nikatoka nazo kama mwizi. Uwani kuna jalala nyuma ya choo, wanatumia pamoja na mwenye nyumba, Mama Ummy. Nikazitupa pale, nikazifunika na maganda ya ndizi. Alipoamka nikamwambia zilikuwa zimeoza moyo.

"Zimeoza? Lakini zilikuwa ngumu!"

"Kwa nje," nikasema.

Sikumwambia. Nitamwambia kesho, baada ya kliniki. Usiku huu namsikiliza anavyopumua.

Alhamisi, 11 Machi

Kliniki. Tulikaa foleni kuanzia saa moja. Nesi mtu mzima, hana mchezo, alimlaza akaweka kile kipembe chake cha kusikilizia tumboni, akatega sikio. Akakihamisha. Akatega tena. Niliomba Salamu Maria tatu na sikumaliza hata moja. Kisha akasema, "Huyu hapa, anakimbia kama panya." Mtoto yupo! Evelyn akalia, mimi nikalia zaidi yake, nesi akatuambia tuondoke tukalie nje, kuna wenzetu wanasubiri.

Ila kabla ya hapo. Nesi aliuliza anakula nini siku hizi. Evelyn akacheka: kabichi, kabichi, na kabichi. Nesi akasema vizuri, mboga za majani ni damu hizo. Akanigeukia: "Wewe ndiye dada? Endelea kumlisha." Nilikuwa na nafasi. Yule ndiye mtu wa kuambiwa, angejua la kufanya, angempima. Nikasema ndiyo, sista.

Najijua. Nimekuwa hivi tangu shule. Sikuwahi kusema uongo mkubwa, nilikuwa nanyamaza tu mpaka jambo lipite. Na mara nyingi lilipita.

Jioni Evelyn ametema mate kidogo kuliko jana. Nilihesabu. Nikasema basi, limeisha, Mungu amenisamehe bila kunidhalilisha. Kesho gari la maziwa saa nane.

Ijumaa, 12 Machi. Saa sita na kitu

Nimekaa kizingitini kwa Evelyn. Kikapu kimeshafungwa. Evelyn amelala ndani.

Mama Ummy ameniita sasa hivi kutoka upande wake, ukuta wenyewe wa mabati, kila kitu kinasikika. "Mama Fabian! Usiondoke bila kula! Nakaanga kabichi, nitawaletea sahani." Nikauliza ametoka sokoni? Akacheka. "Sokoni nini! Nimeziokota jalalani juzi jioni, mbili, nzima kabisa! Nikasema hawa Wachagga wametajirika, wanatupa kabichi! Nimebandua majani ya juu, ndani nyeupe kama pamba."

Nikasema ahsante.

Ndicho nilichosema. Ahsante!

Juzi. Zimekaa kwake siku mbili na mimi nikipita pale mara kumi kwa siku kwenda chooni.

Sasa nasikia kitunguu. Kinanukia vizuri, mwenyewe anajua kukaanga, amesubiri mafuta yapate moto.

Nifikiri vizuri. Amebandua majani ya juu. Ameosha, lazima ameosha, ni mtu msafi sana. Inapita kwenye moto. Leo ni siku ya kumi tangu ipigwe dawa. Evelyn alikula nzima, mbichi, na nesi amesema mtoto anakimbia. Mbuzi alikula gunia. Labda haina kitu tena. Labda haikuwa na kitu tangu mwanzo, labda ni mbuzi tu.

Ana watoto wanne. Wa mwisho anaitwa Rahim, bado hajafikisha miaka miwili. Jana alinipandia mapajani akaning'oa kifungo cha gauni.

Nikisema, Evelyn atasikia. Mabati haya! Atajua hazikuoza. Atajua nilikaa naye kliniki nikanyamaza. Likimtokea lolote, leo au mwezi ujao, hata kama Mungu mwenyewe ndiye aliyepanga, atanitazama mimi. Na Shida atajua, na soko zima. Nani atanunua kwetu tena? Fabian ana ada mwezi wa nne.

Karoti zimeingia. Nasikia mwiko.

Sina haja ya kueleza yote. Naweza kusema kidogo tu. Niandike kwanza, nikiandika nitaweza kusema.

Mama Ummy, samahani, zile kabichi zina

Hapana. Atauliza zina nini.

Mama Ummy, msile hizo kabichi, zilipitiwa na panya

Uongo tena. Na ataziosha tu, atasema panya gani.

Mama Ummy, hizo kabichi ni zetu. Mume wangu alizipiga dawa ya kahawa, na mimi nilijua. Msile. Usimpe Rahim.

Hiyo. Ndiyo hiyo. Ni fupi. Nimeisoma kwa sauti ya chini, inasemeka.

Ummy amerudi kutoka shule, nimemsikia akimwamkia mama yake shikamoo na kuuliza kuna nini leo. Mama yake anawaambia wanawe mikono. Kuna jagi la maji, nasikia linavyomimina, mmoja anamsukuma mwenzake na anaambiwa amwache mdogo anawe kwanza.

Nasoma tena nione kama nianze na samahani au nianze na msile. Msile. Nianze na msile.

Wameketi. Anasema bismillah. Evelyn amegeuka kitandani, anauliza, dada, unaandika nini?