Hesabu za Binti Yangu Nimezifanya Mimi, Sasa Anarushwa Darasa

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu za heshima kutoka huku Ihanja. Naomba unisaidie haraka, maana shule zinafunguliwa Jumatatu ijayo baada ya kufungwa tangu mwezi wa tatu kwa ajili ya corona, na mimi nina jambo ambalo nikilikumbuka nacheka peke yangu na papo hapo naona aibu.

Mimi ni mkulima, mke wangu ni Yustina na binti yetu Aneth ana miaka minane, yuko darasa la pili. Shule zilipofungwa, mwalimu wake, Mwalimu Raheli, alikataa watoto wakae bure, na kwa kuwa wengi wetu hatuna simu za kupokea masomo akawa anabandika maswali kila Jumatatu kwenye mlango wa mashine ya kusaga, kwa sababu hakuna nyumba isiyosaga, na watoto walikatazwa kukusanyika kwa hiyo tunakwenda wazazi, tunanawa mikono kwenye ndoo, tunanakili maswali kwenye daftari la mtoto, kisha Ijumaa tunarudisha daftari na mwalimu anasahihisha pale pale mashineni na kutaja alama kwa sauti kila mtu asikie. Mshauri, hizo Ijumaa! Watu walikuwa wanawahi kama wanakwenda kuangalia mpira, hata wasio na mahindi ya kusaga.

Wiki ya kwanza nilikaa na Aneth vizuri kabisa, akapata nne kwa kumi, na Baba Nathan, fundi baiskeli, mwanawe akapata tisa, akanitazama akacheka, na kile kicheko chake nilikwenda nacho mpaka nyumbani. Wiki ya pili mtama ulikuwa unakomaa na ndege wameshuka kwa maelfu, unajua mwenyewe usipoamia, ukawafukuza ndege kwa kombeo asubuhi mpaka jioni, unavuna mabua, basi nikamwambia Aneth nenda kaamie, mimi nitakuanzishia hesabu, ukirudi utamalizia. Nikaanza. Redioni kulikuwa na kipindi cha masomo na mwalimu alikuwa anaeleza kutoa kwa kukopa, kwamba ukikuta juu ndogo na chini kubwa unakwenda kukopa kumi kwa jirani, na mimi nikajaribu, ikakubali, nikajaribu nyingine, ikakubali! Nilisimama, Mshauri, nikamwita Yustina aliyekuwa jikoni, akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka.

Naomba unielewe. Mimi niliachishwa shule darasa la pili, nikiwa na miaka tisa, baba aliponikabidhi ng'ombe. Kusoma nilijiendeleza mwenyewe kwa kitabu cha nyimbo kanisani, lakini hesabu ziliniacha pale pale. Hata ng'ombe wangu nawajua kwa sura, siwahesabu. Sasa Ijumaa ile mwalimu akatangaza, "Aneth, kumi kwa kumi!" na kwenye daftari akaandika kwa kalamu nyekundu, "Vema sana." Miaka yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniandikia vema sana, nililala na lile daftari chini ya mto.

Tangu siku hiyo sikuweza kuacha. Nilikuwa naandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko ufanane na wa mtoto, na wiki moja nikakosea swali kwa makusudi mwalimu asishtuke, lakini roho ikaniuma nikalifuta na kuliandika sawasawa. Kumi, kumi, kumi, mpaka mtama ukaisha shambani, na hata ulipoisha nikawa namtafutia Aneth kazi nyingine, mara kuni, mara mbuzi, ili nibaki na daftari langu, yaani lake.

Ijumaa iliyopita Mwalimu Raheli aliniita pembeni, macho yanang'aa, akasema, "Baba Aneth, hongera, huyu mtoto ana kipaji. Nimeshaongea na mwalimu mkuu, tukifungua tunamrusha darasa la tatu, na mwakani atafanya mtihani wa taifa wa darasa la nne." Watu wakapiga makofi, Baba Nathan akanipa mkono, na mimi nikapokea hongera zote.

Nilipofika nyumbani nikamwandikia Aneth chini kwa kijiti, arobaini na mbili kutoa kumi na saba. Akaangalia, halafu akaniambia kwa Kinyaturu, bila hata huzuni, "Baba, hesabu si zako? Mimi zangu ni ndege." Kisha akaenda zake kucheza. Nilicheka, Mshauri, halafu nikaifuta ile hesabu kwa mguu.

Yustina anasema niende kwa mwalimu. Mimi naona kama nikimfundisha kwa nguvu siku hizi zilizobaki, usiku na mchana, huenda akafika huko darasa la tatu bila mtu kujua. Nikisema ukweli nitapita wapi mashineni? Na nikikaa kimya mwanangu atakwenda kuzama. Nifanye nini?

Baba Aneth, Ihanja


Marahaba, Baba Aneth. Nimekuzidi umri, na kwa barua hii nadhani nimekuzidi kwa mengi.

Nianze na hongera, maana mtu mzima anayemwita mkewe mbio kutoka jikoni kwa sababu amejua kukopa kumi namheshimu kuliko wengi wenye vyeti ukutani. Nilipofika pale ulipolala na daftari chini ya mto, nilivua miwani nikafuta macho. Zile "vema sana" zilikuwa zako, ulizifanyia kazi, na hakuna atakayekunyang'anya furaha hiyo. Haya, nimemaliza kukusifu.

Sasa kaa vizuri unisikilize. Baba yako alikutoa darasani akakupeleka kwa ng'ombe, na mpaka leo linakuuma. Wewe umemtoa binti yako kwenye daftari ukampeleka kwa ndege. Baba yako angalau hakukaa kwenye kiti chako! Wewe umekaa, ukaandika kwa mkono wa kushoto, ukapokea makofi. Kuamia siku mbili tatu mtama usiliwe, hilo nalielewa, nami nimekulia huko huko. Lakini mtama ulipoisha ukamtafutia kuni. Hapo hukuwa unaokoa shamba, ulikuwa unamfukuza mwenye daftari.

Hilo wazo la kumfundisha usiku na mchana lifute leo. Yaliyokushinda kumpa kwa miezi mitatu unataka kumpa kwa siku mbili, ili wewe usione aibu? Atakachojifunza hapo ni kulia. Na darasa la tatu likimshinda, wenzake watamcheka yeye, wewe hutakuwepo.

Barua yako ilinifikia Jumanne, gazeti hili linatoka Jumamosi na kwa basi litafika Ihanja kabla ya jioni. Majina nimeyabadilisha, lakini Mwalimu Raheli si mjinga, akisoma habari ya mashine ya kusaga atajua. Kwa hiyo mtangulie. Leo hii, ukimaliza kusoma, chukua madaftari yote, mchukue mkeo, mwende nyumbani kwa mwalimu. Aneth mwache nyumbani, hana la kujieleza. Mwamkie, kisha sema kabla hujakaribishwa kiti, maana ukishakaa utaanza kuzungumzia mvua. Sema, "Mwalimu, hesabu hizi nimezifanya mimi, Aneth abaki darasa la pili." Basi. Usiongeze kwamba ndege walikuwa wengi. Mwalimu atakasirika, na ana haki, kwa sababu amekwenda kusema kwa mkubwa wake jambo ambalo si kweli. Mpe nafasi akasirike.

Mashineni utapita kwa miguu yako, kama siku zote. Watacheka wiki mbili. Na nikunong'oneze kitu: huyo Baba Nathan na ile tisa ya mwanawe, mimi nisingemwekea dhamana. Nina hakika kijiji kizima kilikuwa kinafanya darasa la pili, ila mwenye ujasiri wa kuniandikia ni wewe peke yako. Ukishamaliza kuomba radhi, mwombe Mwalimu Raheli afungue darasa la watu wazima, mara mbili kwa wiki, na wewe uwe wa kwanza kujiandikisha. Nunua daftari lako. Ufike kwenye kugawanya, Baba Aneth, huko ndiko kuna raha, utamwita mkeo mpaka achoke kuja.

Nyumbani, kuanzia kesho, kila siku baada ya kula mtakaa na Aneth nusu saa. Kalamu iwe mkononi mwake, mikono yako iwe mgongoni. Najua itakuwasha! Akikosea, mwache akosee, akipata nne, iwe nne. Mwanzo usimwandikie tarakimu. Mpe mawe ya kombeo lake, mwambie ana ishirini, amerusha saba, yamebaki mangapi, na umweleze kwa Kinyaturu, Kiswahili kitafuata. Mtoto aliyelinda shamba zima hashindwi na mawe ishirini.

Kuna jambo la mwisho, na hili ndilo linaloniogopesha kuliko Jumatatu yenu. Binti yako hakulia ulipomwandikia ile hesabu chini. Angelia ningetulia, kwa sababu mtoto anayelia bado anaitaka. Yeye amekuachia. Miaka minane, na tayari anaamini kuna vitu vya Baba na vitu vyake, na hesabu hazimo kwenye vyake. Ukitoka kwa mwalimu, kabla hujagusa chakula, mkalishe karibu na umwambie, "Nilikupeleka shambani kwa sababu nilizipenda hesabu zako, nikakuibia. Nisamehe. Ni zako." Asisikie kwa mama yake wala kwa watu wa mashineni. Asikie kwako, leo.