Seng'enge ya Mume Mwenye Wivu

S.L.P. 47,
Othaya, Nyeri.
7 Agosti 1972

Mpendwa wifi Saumu,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliye juu yetu sote. Hujambo huko Mombasa? Kifua cha ndugu yangu Wamae kimepoa? Mwambie aache kulala dirisha wazi, hata kama joto ni jingi. Sisi tu wazima. Baridi imetukaza vidole na chai haitaki kuchipua, lakini Mungu hajatuacha.

Wifi, niko na jambo, na nakuambia wewe kwa sababu nyinyi wa pwani mmelelewa na mashairi.

Unajua nimeingia ngumbaru, lile darasa la watu wazima hapa kanisani. Juzi Mwalimu Kingori alitusomea shairi. Ndani yake anasema mtu mmoja tu, mume tajiri, anamwambia fundi azungushe boma lake seng'enge. "Ongeza waya, fundi. Ziba na hapo, mke wangu husalimia wapita njia." Fundi hajibu. Mke hasikiki hata akikohoa. Mwalimu akauliza: huyu mume ni mtu wa namna gani?

Mzee Ngatia, mzee wa kanisa tunayesoma naye, akawahi. "Ni mume kamili. Anachunga mji wake."

Nikainua mkono. Nikasema huyo mume anaogopa. Ana shamba, ana mali, ana fundi wa kutuma, na bado salamu ya mwanamke inamkosesha usingizi. Kila akiongeza waya, hofu nayo inaongezeka. Na anaongea peke yake kwa sababu mkewe akipewa mstari mmoja tu, boma lote litaanguka.

"Ati Watiri, umesoma lini wewe?" akanicheka. "Ama Mutahi amelegeza kamba?"

"Mzee, kamba ni ya mbuzi," nikamjibu. Akina mama wakacheka mpaka mwalimu akageukia ubao.

Basi Mzee Ngatia akapeleka maneno kwa wazee wenzake. Sasa wanataka Jumapili nisimame mbele ya kanisa niombe msamaha. Nikikataa, nirudishe kitambaa cha kichwa cha chama cha akina mama, na darasani nisionekane tena.

Mume wangu Mutahi naye aliitwa, yeye na kofia yake, wazee wakamwambia anifunge mdomo. Alirudi, akanywa uji, akasema, "Mimi sikuoa bubu. Lakini kitambaa ni chako, amua mwenyewe."

Wifi, nakipenda kitambaa hicho. Nilimzika mama nikiwa nimekivaa. Lakini wakati wa Hali ya Hatari, enzi za mkoloni, tulichimbishwa handaki kuzunguka kijiji, tukafungiwa ndani, na askari wa langoni akituambia ati ni kwa usalama wetu. Mtu kama huyo akisema ndani ya shairi, nitakosaje kumjua?

Nimepekua Biblia nione kama kuelewa shairi ni dhambi. Sijaona paliposemwa hivyo.

Jumapili nitasimama kama walivyotaka. Nitarudia yale yale niliyosema, kisha nitakikunja kitambaa na kukiweka mezani kwa mkono wangu. Jumanne nitakuwa darasani, benchi la mbele.

Nisalimie Wamae, mama yako Mwanaisha na mtoto wetu Huseni. Mungu awafunike kwa amani yake, awape siha na riziki ya halali. Nawe ukiniombea, usiombe nilainike. Omba sauti yangu isitetemeke.

Ni mimi wifi yako, akupendaye bila kupunguza,
Watiri wa Mutahi