Bibi na Mzee Mwenye Blanketi

Themi, Arusha
5 Julai 1954

Baba mpendwa,

Basi hofu yako haikutimia, maana Bibi hakulia hata kidogo siku ile ya safari. Aliyekaribia kulia ni dereva. Kuanzia Kikatiti mpaka Ngaramtoni alikaripiwa juu ya mwendo, juu ya honi, na juu ya mama yake aliyemlea vibaya. Tuliposhuka alinishika mkono akaniambia, "Dada, wazee wa hapo nawaombea."

Shikamoo, Baba. Kifua chako kinaendeleaje na baridi hii? Sweta lipo kwenye sanduku la juu, nakukumbusha kwa sababu najua hujalitafuta. Sisi hatujambo. Mimi ndiyo sijambo zaidi, kwa kuwa nimeolewa na Elisaria, na kila nikiamka nalikumbuka jambo hilo kama mtu aliyeota kitu kizuri akakuta ni kweli. Juzi alirudi kutoka ghala la kahawa na karanga za kukaanga, akazimenya zote, akaniwekea mimi. Nilipomuuliza yeye atakula nini, alisema anapenda maganda. Na akayala, Baba.

Lakini uliniagiza niwe jicho lako, sitaandika habari za karanga tu. Nyumba ya Wazee ya misheni ipo juu kidogo ya soko la Ngaramtoni, imepakwa chokaa, na mlima unaonekana wote mawingu yakiondoka. Wanawake wana nyumba yao na wanaume yao, halafu kuna chumba kimoja kikubwa cha kulia, wote pamoja. Msimamizi ni Mchaga, anaitwa Mama Kandida, mnene, mcheshi, ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Niliinua magodoro kutafuta kunguni, kama ulivyonituma. Akanikuta nimeinama. "Tafuta vizuri, mwanangu," alisema. "Ukimpata mmoja, tutamchinja tumle wote."

Shuka ni safi. Bibi amepewa kitanda karibu na dirisha, na bibi wa kitanda cha pili anasema Kimeru. Tulipoondoka walikuwa wameshaanza kumsengenya mtu. Nadhani mwezi huu wa kujaribu utakwisha vema, nawe hutakuwa tena darasani huku moyo wako uko nyumbani, ukijiuliza kama ameanguka tena jikoni.

Elisaria anakusalimu kwa heshima zote. Aliniomba niandike neno "zote".

Binti yako,
Eunike


Kikatiti
8 Julai 1954

Mwanangu Eunike,

Marahaba. Barua yako imefika, pamoja na salamu zote za Elisaria. Kifua kinanisumbua kidogo. Sweta nimelipata, panya walilipata kabla yangu.

Nimefurahi kusikia habari za chokaa na mlima. Sasa soma barua yako tena, utaona kitu ulichosahau. Umeniambia mumeo anakula nini mpaka maganda yake. Mama yangu anakula nini, hukuniambia.

Hapa watu wananiuliza. Jana baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alinishika bega akasema, "Mwalimu, nasikia umempeleka mama kwa watu." Kwa watu, kana kwamba mimi ni mnyama. Nilichukua kofia yangu nikaondoka. Yeye hayajui ya nyumbani. Tangu uolewe, Bibi alikuwa anabaki peke yake kuanzia asubuhi, na kovu la moto wa mwezi wa tano bado liko mkononi mwake. Lakini nisikilize vizuri. Kama hawamtunzi, nitamrudisha, hata kama itanibidi niache kufundisha. Nyumba ya wazee haipimwi kwa shuka. Nenda wakati wa chakula. Kaa, tazama, uniandikie.

Baba yako,
Efraimu


Themi
12 Julai 1954

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, na kifua kimetulia. Elisaria hajambo, ananipeleka kila mahali kwa baiskeli, mimi nyuma nimemshika kiunoni, na watu wa barabarani wanatuzomea mpaka naona fahari.

Jana, Jumapili, tulifika wakati wa chakula cha mchana kama ulivyoagiza. Sitakuficha. Bibi amekonda. Mashavu yameingia ndani.

Chakula si kibaya, nilikionja mwenyewe. Ilikuwa loshoro ya mahindi yaliyoiva vizuri, na mtindi wake ulikuwa mzuri kuliko wangu (hilo usimwambie Elisaria). Wazee wote walikula wakaomba tena. Bibi alikuwa amegeuza kiti chake, ameutazama ukuta, kitenge amejifunika mpaka usoni, na bakuli lake liko nyuma yake mezani, linapoa. Mama Kandida alinivuta pembeni. Hakuwa na mzaha safari hii.

"Mwanangu, nimembembeleza, nimemwombea, nimempikia mtori wa ndizi kwa mkono wangu. Akifika mezani anageuka. Nikimpelekea kitandani anasema yeye si mgonjwa wa kulishwa kitandani. Anakula ndizi moja moja, kwa kujificha, kama mwizi. Mlimkosea nini huko nyumbani?"

Nilikwenda kwa Bibi. Nikamwuliza, kwani hapa pabaya?

"Pazuri."

Wanakutukana?

"Nani anitukane? Kitanda kizuri. Yule mwenzangu ni mwongo sana, ananifurahisha."

Basi mbona huli, Bibi?

"Wewe umesoma," alisema. "Tazama mwenyewe." Kisha akaugeukia ukuta wake tena.

Basi nikatazama, Baba, na naona nimeelewa. Huenda utacheka, lakini mimi ni mke mpya, mambo haya nayaona upesi. Ng'ambo ya meza, sawasawa na Bibi, anakaa mzee mrefu, mwembamba, anaitwa Lekishon. Aliletwa kutoka upande wa Monduli siku chache kabla ya Bibi. Wengine wanasema kabla Bibi hajafika alikuwa mchekeshaji wa nyumba nzima. Sasa, Bibi akiingia tu chumbani, mzee huyu anavuta blanketi lake anajifunika kichwa chote, anaingiza bakuli humo ndani, anakula gizani kama kuku aliyefunikwa tenga. Mama Kandida alidhani ana baridi ya kifua, akampa dawa chungu siku tatu. Aliinywa yote.

Sasa niambie, mwanamume anayeshindwa hata kumtazama mwanamke usoni, na mwanamke anayeona haya kutafuna mbele yake, hicho ni kitu gani? Elisaria alipokuja kwetu mara ya kwanza hakuweza kumeza hata chai. Nilimwambia Mama Kandida kwamba Bibi amependwa, na kwamba labda naye anapenda. Alicheka mpaka akakaa chini. Tumekubaliana Jumapili ijayo tuwakalishe kiti kimoja karibu na kingine, wazungumze, haya iwatoke. Mapenzi, Baba, hayana uzee.

Nitakuandikia yatakayotokea.

Binti yako,
Eunike


Kikatiti
15 Julai 1954
Kwa mkono wa dereva wa basi, ifike leo

Eunike,

Salamu baadaye. Msiwakalishe pamoja. Narudia, msiwakalishe pamoja.

Niliposoma kwamba mama amekonda, nilikwenda moja kwa moja kwa Abasi mwenye lori nikakubaliana naye aje kumchukua Ijumaa. Nikarudi nyumbani na hasira, nikasoma sehemu ya chini ambayo nilikuwa sijaimaliza. Nilipofika kwenye jina la yule mzee, nilicheka peke yangu mpaka jirani akaja kuchungulia. Halafu nikaacha kucheka, maana mama yangu ana njaa.

Mwanangu, huyo ni mkwe wake. Ni mume wa dada yangu mkubwa, shangazi yako, aliyefariki wewe hujazaliwa. Umekua ukisikia nyumbani watu wakisema "yule wa Monduli". Ndiye huyo. Jina lake hukulijua kwa kuwa Bibi halitaji, na mbele yake sisi pia hatulitaji. Tangu siku alipomwoa dada yangu, hawajawahi kula mmoja mbele ya macho ya mwingine. Akipita njiani, mama aliingia migombani. Mama akija, yeye aliruka mtaro, na mara moja alitumbukia humo na kanzu mpya. Hiyo ndiyo haya uliyoiona. Mimi ningekula mbele ya mama mkwe wangu? Afadhali nife.

Na sasa mmewaweka meza moja, uso kwa uso, mara tatu kwa siku, kisha mnawashangaa. Bibi hangeweza kukueleza, kwa kuwa kueleza ni kumtaja. Alikuambia utazame. Ulitazama, ukaona harusi.

Nimemwambia Abasi asubiri kwanza. Mpelekee Mama Kandida habari hizi kabla ya Jumapili, halafu uone atafanya nini. Shuka na mtindi kila mtu anaweza kuvipata. Mimi nataka kujua kama watu hao, wakiambiwa wamekosea, wanasikia. Wakisema "hizo ni mila za zamani, atazoea", lori linakuja.

Msalimu mumeo. Mwambie mimi ni baba mkwe tu, chai anaruhusiwa kumeza.

Baba yako


Themi
19 Julai 1954

Baba mpendwa,

Shikamoo, na kwanza nicheke nawe, maana Elisaria amecheka siku mbili. Kila nikimtazama ananiambia, "Tazama mwenyewe, wewe umesoma." Nimemnyima karanga.

Barua yako ilifika Alhamisi jioni. Ijumaa mapema Elisaria aliomba ruhusa ghalani, tukapanda baiskeli, baridi ilitupiga usoni mpaka tukafika tukiwa hatuna midomo. Nilimkuta Mama Kandida anagawa uji. Nikamweleza. Aliuweka mwiko chini.

"Mkwe wake?"

Mkwe wake.

"Na mimi nimempa mkwe wa watu dawa chungu." Akajishika kichwa. "Mwanangu, kwetu Kibosho baba yangu alizunguka kilima kizima asikutane na mama mkwe wake. Najua mambo hayo tangu utoto. Lakini niliwaona wazee, sikuona ukoo. Niliwaweka meza moja wawe familia moja, kumbe wengine walikuwa familia tayari."

Hakungoja mchana, Baba. Uji ule ule, wa asubuhi ile ile, ulihamishwa. Meza ya wanawake ilibebwa mpaka baraza la nyuma, upande unaotazama mlima, na wanaume wakabaki ndani. Kuna bibi mmoja aliyesema Mungu asifiwe, amechoka kusikia wanaume wakinywa uji kwa sauti. Bibi alikaa kwenye kiti chake, akatazama kulia, akatazama kushoto, akateremsha kitenge. Alikunywa mabakuli mawili. La tatu alisema ni la adabu tu, asimwudhi mpishi. Nilikwenda nyuma ya migomba nikalia, Elisaria akanifuata na kitambaa chake, na sitakuandikia aliyoniambia huko kwa sababu ni yangu.

Ndani nako walisema blanketi limevuliwa, na mzee yule ameanza hadithi ya fisi ambayo wote walikuwa wameikosa.

Jana tulirudi kuona kama imedumu. Imedumu. Na wanaoletwa wapya, kabla ya kuonyeshwa kitanda, wanaulizwa kama wana mkwe humu ndani. Mama Kandida alimpigia Bibi magoti, akamwambia kwamba misheni ina nyumba nyingine upande wa Moshi, na kama anataka, yule mzee anaweza kuhamishiwa huko, ili yeye apumue kabisa.

Bibi alikasirika. Sijamwona na hasira nzuri namna ile tangu ulipouza mbuzi wake.

"Asihamishwe," alisema. "Humu ndani mnanihurumia wote. Wewe unanihurumia, huyu mjukuu ananihurumia, hata yule mwongo wa kitanda cha pili. Yule peke yake ndiye anayeniogopa. Mkimwondoa, nitabaki kikongwe."

Muda kidogo baadaye aliinuka na fimbo yake kwenda kuota jua, na pale kwenye kona yule mzee alikuwa anakuja. Alimwona, akageuka kwa haraka, mtu mzima wa miaka ile, akajibanza nyuma ya pipa la maji. Bibi akapita polepole kuliko mwendo wake wa kawaida, shingo imenyooka. Alikuwa mama mkwe wa mtu.

Uliniuliza kama wanamtunza. Wanamtunza, Baba. Mwambie Abasi apakie ndizi zake, lori halihitajiki. Na yule mzee wa kanisa akikushika bega tena, mwambie ndiyo, umempeleka mama kwa watu.

Lakini usiniamini mimi, kwa kuwa jicho langu umeshaliona lilivyo. Bibi anasema uje, na ukija usimletee sura ya msiba. Elisaria amepata ruhusa Jumamosi ya mwisho. Tutakufuata Kikatiti kwa basi la kwanza, tukuchukue, tule wote barazani upande wa wanawake, kabla mwezi huu haujaisha.

Binti yako,
Eunike