Chupa Ndani ya Kilemba

Mdogo wangu Muhsina,

Huku nyumbani Al Khuwair hatujambo, ila goti la Mama bado linamsumbua. Jana nilichukua kilemba cha Idi cha kaka yetu Hamoud nikipige pasi, nikakuta kaviringishia ndani yake chupa ya mvinyo mwekundu. Nilipomuuliza, unadhani aliona haya? Akanisomesha kama sheikh mwenye darsa: "Hii zabibu ya Kifaransa, Mondeuse, Mwanamize. Hata Wafaransa wengi hawaijui."

Huyu ndiye aliyekufungia mlango kwa sababu umeolewa na Mfaransa! Mumeo kasilimu, kafunga Ramadhani tatu, hajapewa hata kikombe cha kahawa. Chupa haijasilimu, nayo kaivika kilemba.

Idi hii mje. Mlango ntafungua mimi. Kilemba nshakipiga pasi, atakivaa mumeo.

Dada yako,
Mwanamize