Jiko Lililokalia Kiti Changu

Junaid na mkeo Farhana,

Chai iko kwenye chupa. Mandazi yamefunikwa, paka asiyafikie.

Sasa hilo jiko la muchomo, la kuchomea nyama. Nilisema tununue dogo la kukunja, la safari. Junaid mwanangu, ukaleta nusu pipa, kama lile la Idd linalolisha ukoo mzima, na kwenye gari letu la kulala safarini tuko watu watatu! Asubuhi hii nalikuta limekaa kwenye kiti changu cha dirishani, tena limefungwa mkanda. Mimi niliyekuzaa hujanifunga mkanda hata siku moja. Farhana, usicheke, nilikuona ukilikazia.

~~Siendi popote. Laleni na jiko lenu.~~

Naenda. Ila kwanza nalipeleka kwa fundi wa vyuma kule Mengo, alikate mpaka liingie chini ya kiti. Boda yuko nje, ameshalifunga kwa kamba tatu na bado anaguna.

Mkiona fundi ananichelewesha, mkaamua kutangulia bila mimi, sawa. Nyama niliyoitia tangawizi jana nimeondoka nayo. Ufunguo wa gari pia.

Mama yenu, wa dirishani