Siku Papa na Mtawa Walipotafuna Kahawa Muleba

Muleba, Jumamosi, Julai 1971

Jua limewaka tangu asubuhi, vumbi la barabara ya Biharamulo limetanda mpaka juu ya migomba, na mbavu zinaniuma kwa kucheka. Shajara yangu, leo nivumilie, nina mengi.

Nianze na hofu, maana ndiyo niliyoamka nayo. Leo ilikuwa siku ya wazazi, na wanafunzi wangu wa historia walitakiwa kuigiza Matengenezo ya Kanisa: yule mtawa wa Kijerumani na hoja zake mlangoni, Papa anayemtenga, wafalme wanaochagua upande. Nilimsihi mkuu wa shule tuigize kijiji cha ujamaa. Akanijibu kwamba mwaka jana tuliigiza kijiji cha ujamaa na wazazi wakasinzia.

Mkuu hajui kinachonisibu. Au anajua, kama Muleba nzima inavyojua.

Mimi ni Mkatoliki wa Kishanda. Ishengoma, mwalimu wa hesabu aliyepanga chumba Kashai kule Bukoba, ni Mlutheri. Tunataka kuoana. Baba yake, Mzee Rwegasira, alikuja kwetu kuposa, na mambo yalikwenda vizuri mpaka Tata, yaani baba yangu, alipouliza ndoa itafungwa kanisa gani. Huyu akasema kwetu, yule akasema kwetu. Basi wakaanza kurushiana ugomvi wa Ulaya wa karne nyingi zilizopita kana kwamba ulitokea juzi, mpakani mwa mashamba yao. Mzee Rwegasira akachukua kofia yake akaondoka. Tangu siku hiyo hawasemezani, na posa yangu imening'inia hewani.

Leo wote wawili walikuwa wanakuja, kwa sababu kila mmoja ana mtoto darasani kwangu.

Nikajifanya mjanja. Ili mtu asiseme napendelea, niligeuza sehemu. Mtawa nikampa mdogo wangu Deo, ambaye hutumikia misa. Papa nikampa Elisha, mdogo wake Ishengoma, mwimbaji wa kwaya ya Walutheri. Nilidhani kwa hilo nimeziba kila tundu.

Sikuziba kitu. Nilitoboa mengine.

Wazazi walikaa uwanjani kwenye madawati, Wakatoliki kushoto, Walutheri kulia, bila mtu kuwaambia. Deo akatokea amevaa gunia la kahawa, akagongomelea karatasi zake kwenye mlango wa stoo. Upande wa kulia ulitaka kushangilia, ukakumbuka huyu ni mtoto wa Kikatoliki wa Kishanda, mikono ikabaki hewani. Elisha akatokea na shuka jeupe na kofia ndefu ya maganda ya mgomba. Upande wa kushoto ulikuwa tayari kupiga makofi, ukaona uso wa mtoto wa Rwegasira chini ya kofia. Nimefundisha madarasa mengi yasiyoelewa, lakini sijawahi kuona uwanja mzima usiojua umpende nani.

Nilimwangalia Tata. Maskini, alikuwa na Papa wake mbele yake na mtoto wake wa kuzaa mbele yake, na hao wawili walikuwa wanagombana. Kila Deo alipofoka, Tata alianza kutabasamu kwa fahari, kisha akakumbuka maneno yenyewe na kukunja uso. Mzee Rwegasira naye alikuwa anafanya hivyohivyo upande wa pili. Ishengoma, aliyekaa pembeni ya baba yake, alikuwa ameficha mdomo kwa leso.

Kisha ikafika sehemu niliyoiogopa. Elisha, na mtoto huyu ana sauti, alinyoosha mkono akatamka: "Kuanzia leo umetengwa! Hutakaa nasi, hutakula nasi, asikupokee mtu nyumbani kwake!"

Tata akasimama.

Nikasema moyoni, harusi kwaheri.

"Waitu, mkuu wa shule, naomba radhi," Tata alisema kwa ile sauti yake ya mkutano, akianza na neno letu la heshima. "Mtoto anafukuzwaje nyumbani ilhali baba zake hawajaitwa?"

Deo akasahau utawa. "Tata, ni mchezo."

"Hata kama ni mchezo! Hapa wanatazama watoto wadogo. Watajifunza nini?"

Hapo Mzee Rwegasira naye akainuka, na mimi nikafumba macho. Nikamsikia anasema: "Elisha! Nani alikufundisha kumfukuza mwenzako hivyo? Sisi tunafukuza watu kwetu?"

Elisha, ndani ya kofia yake, alinigeukia aone kama hayo yamo kwenye tamthilia.

Tata alikuwa ameshafika mbele. Akatoa mfukoni kifuko chake cha ukindu cha kahawa ya kutafuna, ambacho hakiachi hata akienda kisimani. Akatafuta tunda zuri, akalipasua, punje moja akampa Papa, ya pili akampa mtawa. Kila Mhaya pale alijua maana yake. Zamani za wakama, wafalme wetu, watu walifanya hivyo kuapiana udugu, pamoja na tone la damu. Damu siku hizi hakuna, lakini waliogawana tunda moja wakirudia ugomvi ni aibu ya ukoo mzima. Wale vijana wakatafuna. Uwanja ukalipuka kwa makofi, kushoto na kulia, na vigelegele juu yake.

Mkuu wa shule akaninong'oneza kwa uchungu: "Mwalimu Koku, hili halikutokea kihistoria."

Mama mmoja wa dawati la mbele alikuwa amemsikia. "Kumbe hawakupeana kahawa? Basi ndiyo maana walipigana miaka yote hiyo."

Lakini mimi sikuwa nikicheka bado, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu. Tata alikuwa amesimama na kifuko wazi mkononi, na ubavuni mwake alisimama Mzee Rwegasira, aliyekuja kumkemea mtoto wake. Kwetu hutoi kahawa ukamruka mtu aliye karibu yako. Labda umchukie kabisa, na umchukie hadharani. Tata alijua. Mzee Rwegasira alijua. Makofi yakapungua, kwa sababu watu wote walikuwa wamejua.

Tata akanyoosha mkono.

Mzee Rwegasira alikitazama kile kifuko, akamtazama Ishengoma, akanitazama na mimi. Kisha akavua kofia, akachukua punje kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akasema, "Asante, waitu."

Nililia, sitakuficha. Nilijifanya vumbi limeniingia machoni.

Sehemu iliyobaki, ya wafalme na vita, haikuigizwa. Hakuna aliyeitaka. Wazee wawili walihamia kivulini nyuma ya stoo, na nilipowapelekea uji niliwakuta wanabishana tena, mishipa ya shingo imewatoka. Nikatega sikio. Tata alikuwa anasema harusi iwe baada ya kahawa yote kuvunwa. Mzee Rwegasira anasema huko ni kuchelewa, watu watadhani posa imeharibika, iwe kabla.

Kanisa bado hawajalitaja. Litatajwa, na pengine kofia itachukuliwa tena. Lakini watu wasiotaka harusi hawagombanii siku yake.

Jumatatu darasa litaniuliza tamthilia yetu inaishaje. Mtihani utataka vita, na vita nitawafundisha, maana vilitokea. Ila wakiniuliza ni mwisho gani ulikuwa mgumu zaidi kuufikia, wa vita au wa kahawa, nitawajibu nini mimi, niliyeuona mkono wa baba yangu ukinyooka na kile kifuko?