Tulidhani Hatutazeeka

Shelui,
Iramba, Singida.
14 Julai, 2013

Mpendwa binamu yangu Lazaro,

Habari za Itigi? Wewe na wifi Esta hamjambo? Kile kifua chako kimepona? Huku tunamshukuru Mungu. Mvua ilikuwa ya kusuasua, mtama umetuangusha, ila alizeti tumepata kidogo. Nasikia siku hizi una kitambi. Kipunguze, kabla hatujakusahau sura.

Mimi nipo, ila si yule unayemjua. Dawa nameza bila kukosa, na kila nikienda kliniki nesi ananiambia virusi vimelala. Nikimweleza kwamba nyayo zinawaka moto na magoti yamegoma, anasema, "Mama Witness, hayo sasa ni ya uzee." Uzee gani, Lazaro? Tulizaliwa mwaka mmoja, na wewe bado unapanda baiskeli. Anasema sisi tulioishi na ugonjwa huu muda mrefu, mwili huchakaa mapema. Sufuria la maharage siliinui tena. Banda la chakula nimemwachia mwanangu Witness.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu anashika Witness, naye huweka sauti kubwa wajukuu wote wasikie. Haya si ya wajukuu.

Unamkumbuka Filipo, fundi baiskeli wa pale yanapoegeshwa malori, aliyekuwa akinipakia kwenye keria kwenda kliniki nilipokuwa siwezi kutembea? Naye anatumia dawa kama mimi. Mwaka ule tulipozianza, mimi mjane, yeye mgane, alinitamkia kwamba anataka kunioa. Nilimcheka. Nikamwambia, "Tuoane ili nani amzike mwenzake?" Nilikuwa nimeshanunua shuka la kuzikiwa, binamu. Shuka lenyewe nimelitandika kitandani mpaka limechanika, na mimi bado nipo.

Hicho ndicho kinachoniuma. Tulipata nguvu. Nililima, nikapika, yeye akafungua duka la spea, na kila jioni alikunywa chai bandani kwangu, kisha kila mtu akaenda kulala kwake. Miaka ile mizuri yote niliiacha ipite, nikisubiri kufa. Majuto yake siwezi kukueleza yakaisha.

Mwezi wa tatu Filipo aliteleza kwenye tope akavunjika nyonga. Nikawa nampelekea uji, najikongoja na fimbo yangu. Siku moja, amelala chali hivyo hivyo, akanitamkia tena. Akasema, "Damari, sasa hakuna wa kumcheka mwenzake." Nilifurahi kama msichana, nakwambia kweli. Lakini nikaona haya. Watu wangesema, wale vikongwe wawili, nani atamchotea mwenzake maji? Nikamjibu tungoje nimalize kuvuna alizeti.

Wiki iliyopita nilirudi kutoka kliniki nikakuta mlango wake una kufuli. Mwanawe Innocent, yule wa reli, alikuja na gari akamchukua kwenda huko kwenu Itigi, maana hawezi tena kuishi peke yake. Jirani akaniambia, "Alikuulizia sana, mama. Wakamwambia gari haliwezi kungoja." Nililia palepale barabarani, wala sikujali nani ananiona.

Ndiyo maana nakuandikia. Wanakaa nyumba za reli, ukimuulizia Innocent utaonyeshwa. Nenda mwenyewe, usimtume mtu. Na usianze na mwanawe. Kaa na Filipo mwenyewe, umwambie Damari amekubali. Mwambie sitaki kuchotewa maji wala kupikiwa, nataka tukae wote tu, hata kama ni mwaka mmoja. Akiniita, nitapanda basi na magoti yangu haya haya. Akisema nimechelewa, binamu, usiniandikie. Njoo uniambie mwenyewe, ukae nami siku mbili tatu.

Msalimie sana wifi Esta, na Magdalena na mumewe. Shangazi Theresia mpe shikamoo yangu. Mungu awape miaka mingi, na miguu ya kuitembelea.

Ni mimi binamu yako nikupendaye,
Damari